Ombi la Udaktari Lisilo na Jina Lako

Sidi, shoga yangu,

Pale ulipokuwa ukikaa kufanya kazi sasa panauzwa vifuniko vya simu. Nilipita Jumamosi nikitoka kivukoni Likoni, miguu ikaniingiza ndani kwa mazoea, na mwanamke wa dukani akaniuliza natafuta cha simu gani. Nikamwambia nimepotea. Mwenye saiba amehamishia kompyuta zake Mtongwe. Lakini ukutani bado kuna ile karatasi uliyoibandika mwenyewe: TUNAJAZA FOMU ZA VYUO, PASIPOTI, CHETI CHA TABIA NJEMA. HATUJAZI UONGO. Hakuna aliyeibandua. Mimi pia niliiacha.

Nina habari mbili. Moja itakufurahisha, nyingine itakuudhi, na kwa vile nakujua, ungetaka ile ya kuudhi kwanza, unigombeze yaishe, ndipo tucheke. Basi naanza nayo.

Nilikuandika, Sidi. Ulinikataza, nami nikakuandika.

Acha niyaseme yote kwa utaratibu, hata yale unayoyajua, kwa sababu nikiruka mahali nitaanza kujitetea.

Tulikutana kidato cha pili hapa Changamwe, ulipohamia kwa shangazi yako Port Reitz. Mimi mtoto wa Wakamba, baba fundi wa kreni bandarini, Kiswahili changu cha bara. Neno la kwanza nililokwambia lilikuwa, "Nipatie hiyo kitabu." Uligeuka kama mtu aliyekanyagwa. "Hicho kitabu," ukasema. "Na useme tafadhali, mwenzangu." Nilikuchukia mpaka mapumziko ya saa nne. Baadaye hatukuachana.

Ulikuwa ukitoweka wiki nzima, ukirudi macho ya manjano, na wasichana wakawa wanaogopa kukaa dawati moja nawe. Ni wewe uliyesimama mbele ya darasa siku moja, mwalimu hajaingia, ukawaambia: "Huu unaitwa selimundu. Nimezaliwa nao, hauambukizi. Chembe za damu yangu zimejipinda kama mundu. Zikikwama mahali, mfupa unalia. Kuna swali?" Hakukuwa na swali. Mimi nilikuwa na maswali kama ishirini, nikakuuliza yote njiani tukirudi nyumbani, nawe ukayajibu yote. Nadhani siku ile ndiyo nilianza kuutaka udaktari. Wewe ulikuwa unautaka tangu zamani.

Mtihani wa kidato cha nne uliufanya umetoka wodini, mkono umevimba kama andazi. Mimi niliufanya mzima wa afya na kemia ikaniangusha. Hatukuitwa udaktari, mimi wala wewe. Wewe ukaenda kwenye kompyuta za saiba, ukawajazia watu fomu mtandaoni, mimi nikasoma diploma ya tiba, nikawa afisa wa kliniki kwenye zahanati ndogo ya Mishomoroni. Watu wa kule huniita daktari. Nilikuwa nikiwasahihisha mwanzoni, nikachoka, lakini kila nikiitwa hivyo naona haya kidogo.

Kisha ukanipigia simu mchana mmoja. "Mwende, umekaa au umesimama?" Nikasema nimesimama, nina mgonjwa. "Mwache akae yeye, wewe nisikilize." Ulikuwa umemjazia muuguzi mmoja fomu, ukagundua kwamba vyuo vikuu vinachukua watu wa diploma kwenye shahada ya udaktari, wakiwa wamefaulu vizuri na wamefanya kazi. Ulikuwa umeshayasoma masharti yote kabla ya kunipigia. Ulijua hata karatasi gani sina.

Miezi ile minne, Sidi! Kila Jumamosi navuka kuja Likoni, nakaa kwenye kiti cha plastiki kando yako, nawe unawahudumia wateja huku unanifundisha. Ulikuwa umejaza fomu za watu wengi kiasi kwamba ulikuwa unaunusa uongo tangu mstari wa kwanza. Nilipokuletea barua yangu ya kujieleza mara ya kwanza, iliyoanza kwa kusema tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwasaidia watu, uliisoma kwa sauti mbele ya wateja wawili. "Hii nimeiandika mara mia," ukasema, "kwa walimu, kwa mapolisi, hata kwa mtu wa hoteli." Ukanirudishia. "Usiseme unapenda watu. Kila mtu anapenda watu mpaka mmoja amtapikie. Sema kitu ulichokifanya kwa mikono yako, kikaenda vibaya ama vizuri, na kikakuacha na swali."

Nikaandika ya pili, ukaikataa. Ya tatu ulisema ina mtu ndani lakini mtu mwenyewe amevaa suti.

Ya nne nilikuwa sijaiandika ulipolazwa. Nilikuja wodini siku ya pili, umewekewa maji, umechoka, na bado unauliza kama Daktari Omari, mkubwa wangu wa kazi, ameandika barua yake ya kunipendekeza. Nikasema ameandika. Nikasema pia, na nilikuwa nimelifikiria njia nzima, kwamba labda niandike habari yako. Kwamba wewe ndiwe sababu. Ulifumba macho nikadhani umelala. Kisha ukasema, taratibu: "Mwende, nimekuwa mgonjwa wa watu maisha yangu yote. Kanisani naombewa kwa jina. Shuleni nilikuwa mfano wa somo. Kwako wewe sijawahi kuwa mgonjwa. Usinianzishie leo." Halafu, kwa sababu ulikuwa hujui kuacha jambo likae zito: "Ukiniandika, wallahi nitakufufukia." Mkristo wa kanisa wewe, na unaapa wallahi kama majirani zako wote wa Likoni.

Nikaahidi. Ulitoka baada ya siku tano, ukarudi kazini, tukaendelea.

Sasa nifike Alhamisi ile.

Nilikuwa na nakala za vyeti za kugongwa mihuri kwa wakili, na siku za kutuma maombi zilikuwa zinakwisha. Ulikuwa umelazwa tena tangu Jumatano. Saa nane ukaniandikia: "Maumivu yamepanda kidogo. Mama yupo. Ukimaliza kwa wakili pitia, nikuone." Kwa wakili kulikuwa na foleni hadi kwenye ngazi. Nilitoka saa kumi na moja na nusu, miguu inaniuma, nimeamka tangu alfajiri. Hospitali haikuwa mbali. Ningeweza kuja, Sidi. Hili ndilo sijalisema kwa mtu yeyote, hata kwa mama yangu. Ningeweza kabisa. Nilisimama barabarani na faili kifuani, nikajiambia umelazwa mara nyingi na kila mara umetoka. Nikakuandikia: "Kesho asubuhi, nakuletea madafu." Ukajibu: "Sawa. Hakikisha mhuri unasomeka."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Kulipopambazuka shangazi yako akapiga simu.

Tulikuzika kwenu Kaloleni. Wewe ungecheka, mchungaji alikosea umri wako na mjomba wako akamsahihisha katikati ya sala. Mimi sikulia. Niliwagawia watu maji, nikapanga viti, nikaosha masufuria na wanawake wa kwenu. Nikarudi Changamwe, nikaketi mezani, na nikaandika barua ya kujieleza kwa mkao mmoja, bila kufuta neno.

Ilikuwa nzuri. Sikwambii hivyo kwa kujisifu; ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Ilianza na wewe mbele ya darasa, ukieleza habari ya mundu. Ikaenda kwenye saiba, ikaenda wodini. Na ikaishia kwamba nilikushika mkono mpaka pumzi yako ya mwisho, na hapo kando ya kitanda ndipo nilipoapa kuwa daktari.

Daktari Omari aliisoma ofisini kwake, akavua miwani. "Hii haikataliwi," akasema. "Hii itawatoa machozi." Nami nikafurahi! Wiki tatu baada ya kukuzika, nilifurahi kwamba kifo chako kimeandikwa vizuri.

Sijui ni nini kilichonipeleka kwa mama yako Likoni. Nilijiambia naenda kumjulia hali, na kuomba ruhusa, kwa maana jina la mtoto wake halikuwa langu la kutumia. Labda nilitaka anisifu pia. Nilimkuta barazani akichambua mchele. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanisogezea kigoda. Nikamweleza kuna barua nimeandika ya kuombea chuo, imemtaja Sidi, nataka aisikie kabla sijaituma. Akasema, "Nisomee, mwanangu."

Barua ni ya Kiingereza. Ikabidi nimfasirie sentensi moja moja. Na sentensi zile, Sidi, zilizokuwa zikipendeza kwa Kiingereza, kwa Kiswahili zilikuwa zinanitoka mdomoni kama za mtu mwingine. Nilijisikia nikisema "rafiki yangu aliyeteseka" kwa mama yako, mwenye sinia la mchele mapajani. Vidole vyake vilikuwa vinaenda mcheleni. Nikafika mwisho. Nikasoma habari ya mkono.

Vidole vikasimama. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hapo ni wewe?"

Nikaikunja karatasi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kama anayenitafutia njia ya kutokea, na alipoona haipo akasema kwa upole kabisa, "Mwende, mwanangu, mkono ule niliushika mimi."

Basi nikalia, mara yangu ya kwanza. Nililia mpaka jirani akachungulia. Nikamwambia yote, ya wakili, ya foleni, ya kesho asubuhi. Mama yako aliweka sinia chini, akanisogelea, akaniambia yaliyotokea alfajiri ile, ambayo mimi sikuwahi hata kuyauliza. Kwamba mkono mmoja alikushika, na mwingine alikuwa akikupepea kwa kipande cha boksi. Kwamba ulimwambia, "Mama, punguza, unanipeperusha." Kwamba alicheka, na alipokuwa bado anacheka mkono ukabadilika uzito.

"Alikuulizia," akasema. "Nikamwambia anakuja asubuhi. Akasema, 'Atakuja, ila atachelewa.' Hakusema kwa ubaya."

Nimekaa na neno hilo hadi leo. Nilikuwa nimemfuta mama yako pale kitandani nikajiweka mimi. Nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka niwe nilikuwepo, na karatasi ilikubali.

Siku ya pili nikaenda kwa Daktari Omari. Nikamwambia siitumii. Akasema, "Mwende, ni barua nzuri sana ile." Nikasema ndiyo, lakini si ya kweli, na mwenyewe alinikataza. Akageuza kalamu yake mara mbili tatu, akasema, "Zimebaki siku sita. Kaandike mbaya ya kweli."

Nikaandika habari ya Mama Rehema. Humjui, ni mteja wa zahanati, anauza viazi karai pale stendi ya Mishomoroni. Miezi mitatu nilimwandikia dawa za presha na presha haishuki. Nilimsema. Nilimwambia hanywi dawa, ananipotezea wakati, siku moja ataanguka kwenye karai lake. Mara ya nne sijui nilikuwa na nini, nikamuuliza tu, "Mama, unazinywaje?" Akasema nusu. Nusu nyingine anampa dada yake, anayeogopa hospitali tangu aliporudi na mume wake akiwa ndani ya jeneza. Miezi mitatu nilikuwa nikimwandikia mtu mmoja dawa sahihi, kumbe wanainywa wawili.

Nikaenda nyumbani kwao Jumapili. Dada mtu alinikaribisha mlangoni lakini hakutaka kupimwa, mpaka nilipokubali kunywa chai kwanza. Nilipomwekea chombo kifuani nikasikia sauti ambayo haikuwa ya presha. Moyo wake ulikuwa unapuliza. Nilijua si sawa, sikujua ni nini. Nikamwandikia rufaa, nikamsindikiza mwenyewe, na daktari wa moyo akamsikiliza kwa dakika moja akanieleza lango lipi la moyo halifungi. Dakika moja tu, Sidi. Niliandika hivyo hivyo: kwamba nilifikisha mtu mlangoni kwa kuuliza swali nililochelewa kuuliza, na kwamba nimechoka kuishia mlangoni. Nataka kujua ile sauti inaitwaje.

Nilikwenda kumwomba Mama Rehema ruhusa kabla ya kutuma. Akacheka, mafuta yanaruka. "Andika, daktari, lakini umri wangu usiuandike." Nikafuta na jina pia. Dada yake naye nilimwendea. Akataka nimsomee, nikamsomea, akarekebisha mahali pamoja. Alisema hakuogopa hospitali, aliichukia, na kwamba hayo ni mambo mawili. Nikarekebisha.

Mahojiano yalikuwa bara. Nilipanda basi, nikafika nimevaa ile blauzi ya bluu uliyosema inanifanya nionekane kama keshia wa benki. Walikuwa watano mezani. Mama mmoja mwenye mvi aliishika karatasi yangu ya kidato cha nne kama mtu anayeshika samaki aliyelala. "Kemia," akasema. Nikamwambia sikuielewa, nilikuwa nikiikariri, na kwenye diploma nilianza upya kutoka mwanzo kwa sababu dawa ni kemia na mgonjwa hakaririki. Akaandika kitu. Wakaniuliza ya moyo unaopuliza, wakaniuliza nilivyomsema Mama Rehema na ningefanyaje tena. Nilijibu. Mengine nilisema sijui.

Halafu mzee wa mwisho mezani akauliza: "Kuna mtu aliyekufanya uchague kazi hii?"

Sidi, ulijaa mdomoni. Darasa, mundu, kiti cha plastiki, vyote. Nilijua nikikusema sasa, tena bila uongo hata mmoja, meza ile yote ni yangu. Nilimwona mama yako na sinia lake. Nikasema, "Yupo. Aliniomba nisimtaje."

Yule mzee alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akasema haya, asante. Mpaka leo sijui kama jibu lile nalo lilikuwa ni kukutumia, kwa mlango wa nyuma. Nimeligeuza sana. Kama lilikuwa, nigombeze, lakini sikuwa na jingine.

Na sasa ile habari ya pili, shoga. Wamenichukua.

Barua ilikuja kwenye simu nikiwa na mgonjwa, mtoto mwenye masikio yanayotoa usaha, na nikamaliza masikio yote mawili kwanza. Kisha nikaenda nyuma ya zahanati, penye matangi ya maji, nikaisoma mara tatu. Mama yangu alipiga vigelegele kwenye simu mpaka baba akadhani kumetokea msiba mwingine. Kuanzia Septemba nitakuwa bara, kwenye baridi, miaka sita, nikisoma na watoto niliowapita kwa umri. Nyumbani Changamwe nimeshakiaga chumba changu. Mdogo wangu amekipaka rangi ya waridi kabla hata sijatoa begi.

Jioni ile ile nilivuka kwenda kwa mama yako. Alikuwa amesikia tayari, sijui kutoka kwa nani, Likoni ni Likoni. Akaniuliza, "Miaka mingapi?" Nikasema sita. Akahesabu kwa vidole. "Basi nitakuwa mzee sawasawa. Utanitibu magoti haya." Nikasema magoti ningeanza kuyatazama leo. Akakataa, akasema leo tunakula. Alikuwa amepika wali wa nazi na papa, na alinipakulia kama wanavyopakulia kwenu, kana kwamba mtu haendi kokote wiki nzima. Tulikula. Akanisimulia ulivyokuwa ukiwajazia majirani fomu kwa siri ukiwa na homa, na mimi nikamsimulia siku uliyomfukuza mtu wa hoteli aliyetaka umwandikie amesoma Ulaya. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Tulikutaja kwa saa mbili nzima, Sidi, bila mtu hata mmoja kukuita mgonjwa.

Nimeandika hii kwa Kiswahili nikijua utaisahihisha. Sahihisha. Nimejitahidi ngeli zote.

Naondoka wiki ijayo. Sina la kukuomba msamaha zaidi ya nililokwisha kulisema, ila nakuahidi hili. Huko niendako wataniuliza mara nyingi kwa nini nimekuja, wanafunzi, walimu, wagonjwa wenyewe. Sitakutoa wewe kuwa jibu. Sitakufanya somo la mtu wala machozi ya mtu. Nikiitwa na mgonjwa aliye na mtu wake kando ya kitanda, nitamsalimia kwanza yule aliyeshika mkono, nimuulize jina lake, ndipo nishike kazi yangu. Na nikiambiwa nipitie, nitapitia siku hiyo hiyo.

Likizo nikirudi, nitavuka. Mama yako amesema nisije mikono mitupu, nije na njaa. Tutakutaja huko barazani kwenu, kwa jina lako lote, mpaka tuchoke.

Lala salama, mwenzangu.

Mwende